Kikulacho Ki Kiatuni

Ijumaa ile Bi Raya alinihesabia mshahara,
akakata elfu thelathini, akanambia bila ya kuniangalia:
"Lita kumi zimepotea mwezi huu, Faki.
Mimi sikuiti mwizi. Daftari ndilo linalokuita."

Daftari lenyewe la skuli, la mtoto wake,
nusu hesabu za darasa la sita, nusu kirikuu chetu:
Chake kwenda Konde, Chake kwenda Mkoani,
saruji mifuko kumi, saruji mifuko kumi na miwili,
lita, kilomita, lita,
na wino mwekundu penye jina langu.

Niliapa. Kwa tumbo lililonizaa niliapa.
Nikamfungulia tangi anuse.
Nikamwonesha mpira wa kunyonyea, mkavu,
buibui kashatanda ndani.

Jumatatu akapanda mbele, akakusanya buibui lake magotini.
"Nenda kama uendavyo. Mimi sipo."

Nikaenda kama niendavyo.
Gombani nikaikamua gia ya pili mpaka ikalia,
nikamfikia ng'ombe wa watu, breki.
Nikachomoka, nikafikia tuta, breki.
Mlima wa Ole nikaupandia gia ya nne, ubishi tu,
mifuko kumi na miwili nyuma inanivuta shati,
injini inagonga, inatetema
kama mtu aliyebeba jiwe huku kazibwa pua,
na mimi nakandamiza, nakandamiza.
Kuteremka nikatia fri, kwa fahari:
"Hapa, bibi, twaenda bure."

Hakujibu. Alikuwa akichora vijiti
nyuma ya risiti ya saruji.

Konde akanisomea: sitini na moja.
"Hizi breki zako.
Kila kijiti ni mafuta niliyokwisha kuyalipia.
Umeyageuza mbio, kisha mbio umezigeuza moto wa vyuma,
moto usiochemsha hata chai.
Na hiyo fri yako, injini haikulala.
Ilikuwa ikinywa kidogo kidogo, kama mgeni asiyeaga.
Ungeiacha kwenye gia, gari ingeizungusha yenyewe,
nayo ingefunga mdomo."

Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa jenereta
la kiwanda cha barafu, Wete.
Mzigo ukizidi alijua kwa sikio, kabla taa hazijafifia,
na yeye Bi Raya alikuwa akimpelekea chakula,
akila naye pale pale, kwenye ule mngurumo.
Miaka kumi na tisa ya chakula cha mchana.

Tukashusha saruji. Tukashusha na visivyoshushwa:
mota ya friji mbovu iliyopanda tangu Ramadhani,
nondo tatu zisizo mwenyewe,
ndoo ya zege lililoganda, zito kama deni.
Mipira tukaitia upepo; ilikuwa imelegea
kama midomo ya mtu aliyesinzia.

Kurudi hakunifundisha kitu. Alisema neno moja tu.
"Sasa," chini ya mlima, nikashusha gia kabla haijaomba.
"Sasa," nikapandisha kabla haijalia.
"Sasa," na mbele hapana kitu, ila tuta
ambalo mimi sijaliona,
nikaondoa mguu, kirikuu kikajiendea, kikapungua,
kikalivuka kama anayevua viatu mlangoni.

Watu husema: kanyaga mafuta.
Miaka minane nimelisema neno hilo, sikuwahi kulisikia.
Kumbe nilikuwa nikiyakanyaga kweli,
kama mtu anayekanyaga wali.
Mwizi aliyetafutwa kwenye tangi na kwenye mpira
alikuwa kwenye ndara yangu ya kulia,
ana vidole vitano, na kimoja kina fungusi.

Siku hizi daftari limenyamaza.
Naendesha kama niliyebeba yai chini ya unyayo,
vijana wa bodaboda wananipita Mzambarauni wakinizomea,
nawakuta kituo cha mafuta.

Ila elfu thelathini hazijarudi.
Nimeziandika ukurasa wa mwisho,
chini ya kugawanya kwa desimali,
kwa wino mwekundu,
penye jina lake.