Mahali pa Kutetemekea

Jina langu Mujinga. Cheka kwanza, umalize.
Kwa Kiluba ni mtoto aliyetoka na kitovu shingoni,
na hata leo kebo ya mashine ya kuchomelea
naivaa hivyo hivyo, mzunguko mmoja, begani.

Kaumba aliileta juu ya lori la mchanga:
ya Kimarekani, milango miwili, pua ndefu kama ya mdai kodi.
Alirithi kwa kaka yake. Kaka alipewa na mhandisi wa shaba
aliyeondoka na sanduku moja, na ufunguo mfukoni.
Miaka hamsini kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma.
Tulipoinua, bodi ilikuja, chasisi ikabaki chini,
kutu nyekundu juu ya udongo mwekundu;
usingejua Katuba inaanzia wapi.

Basi nikaunda nyingine.
Mabomba ya kuchorongea mwamba, kutoka Kipushi,
nimeyanunua kwa kilo, kwa mtu asiyetaka kutajwa.
Lupango nikalisawazisha kwa maji ndani ya mpira mwembamba,
nikachora gari zima sakafuni kwa chaki,
watoto wakaruka ndani yake kwa mguu mmoja.

Pembe kwa pembe: mita nne na sentimita kumi na moja.
Pembe ya pili: mita nne, kumi na moja, na milimita tatu.
Kaumba akasema, milimita tatu ni nini? Ni kucha.
Nikasema, ni gari linalokwenda Likasi
huku likitazama Kasumbalesa.
Nikakata. Nikaanza upya.

Injini haikuwa yake. Ile ya silinda sita iliuzwa mwaka wa njaa.
Hii ina nane, imekaa pana kama mama muuza unga
asiyemsogelea mtu.
Nikaitundika kwa mnyororo kwenye reli iliyolazwa juu ya kuta mbili.
Nikashusha: karita ikagusa mhimili.
Nikarudisha nyuma vidole viwili: feni ikapumua, usukani ukakataa.
Nikasogeza kulia. Nikainamisha. Nikatukana. Nikapima.
Na cheche ya kwanza ilipokamata mahali pake
umeme ukakatika,
mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja,
kilo mia tatu zikaning'inia gizani
nami nimezishika kwa mkono mmoja,
kana kwamba mkono ungesaidia.

Vikalio vya kwanza vilikuwa chuma kwa chuma.
Nilijivuna navyo siku mbili.
Tulipoiwasha, kioo cha mbele kilipasuka,
meno ya bandia ya Kaumba yakagongana mdomoni,
na bolti moja ilikwenda kwa jirani, haijarudi.

Nikamwendea Kabange, fundi wa mikanda mgodini.
Akanikatia kipande cha mkanda uliobeba mawe miaka kumi,
mpira mweusi wenye nyuzi ndani, mgumu, unaonuka mvua.
Vipande vinne. Nikavitoboa kwa msumari wa moto,
nikavilaza kati ya bamba na bamba.
Sasa injini imeshikwa, haikubanwa;
ina mahali pa kutetemekea.

Mama alisema mkunga hakukimbilia wembe.
Alikilegeza kitovu kwa kidole kimoja,
akangoja nivute pumzi.
Sijui kwa nini nililikumbuka hilo
nikikaza nati ya mwisho.

Jumapili, bila bodi. Kreti la bia ndilo kiti.
Ufunguo uko Ubelgiji, ama kaburini; tukagusanisha nyaya.
Ikanguruma chini, tumboni, si menoni.
Chai kwenye kikombe juu ya mhimili
ilicheza tu, haikumwagika.
Tukaenda, wazi kama mifupa ya samaki,
mlima mweusi wa mgodi kushoto, mbwa wote nyuma yetu.
Kaumba alilia, au lilikuwa vumbi la Septemba.

Tulipoikaribia kona ya bomba la maji
akaniuliza kwa upole:
"Mujinga, na breki?"

Breki, bei yake tulikuwa bado hatujaelewana.