Patasi ya Babu

Saa kumi alfajiri, Jinja. Umeme umekatika.
Nimeoga maji baridi, nimefunga kilemba,
nimewasha kandili.
Wahe, patasi yaingia.
Guru, ganda jembamba la mvule
lainuka, lajikunja, laanguka.

Patasi hii Babu aliiacha kwa Nabirye
mwaka ule wa masanduku.
Akaificha katika gunia la wimbi miaka kumi na tisa,
akiipaka samli isishike kutu.
Tuliporudi alisema tu, "Chuma chenu,"
akaendelea kumenya matoke.

Mlango ni wa gurdwara.
Jana nilichonga ua, nikajisifu moyoni:
fundi ni Jagtar, wengine wanakwangua!
Papo hapo mkono ukateleza, petali ikakatika.
Leo kovu silifichi.
Nalizungushia jani, taratibu,
pumzi kwa pumzi.

Bangili yangu yagonga ubao, ti, ti,
kama mtu abishaye hodi
na aliye ndani ni yeye yule.

Kukikucha nitazoa maranda
yakawashe moto wa dengu.
Atakula mpita njia, atakula Nabirye,
nami mwisho,
vidole vingali vinanukia mvule.