Daftari la Injini

Arvo Haapala ameingia na theluji begani,
funguo mkononi, na maneno aliyoyapanga njiani.
Gari lake limebebwa mgongoni mwa lori
kama mtoto aliyelala harusini.
"Lina miezi kumi na tisa," anasema.
"Dhamana ni miaka mitano."
Najua. Mimi ndiye niliyemwandikia.
Namwambia aketi. Haketi.

Hapa Duluth, mwezi wa pili, ziwa limekuwa sakafu
na watu husema machache, baridi isije ikaingia mdomoni.
Kwa hiyo sikumuuliza mengi. Nililisoma gari.

Springi zimeinuliwa inchi tatu.
Matairi mapana, si ya kiwandani.
Bomba la moshi jipya, chuma kisichoshika kutu,
ambalo hata likinyamaza unalisikia.
Haya yanaonekana, na kuonekana si kosa.
Mwenye kiwanda hawezi kukunyima taa
kwa kuwa umebadili matairi.
Akitaka kukunyima, na aonyeshe mkono ulipogusa,
kisha aonyeshe jeraha, kisha aunganishe hivyo viwili.
Nimewaambia wateja hivi hadi imekuwa kama sala.

Iliyotoboka ni pistoni ya nne.
Tundu la ukubwa wa sarafu, kingo zimeyeyuka
kama mshumaa uliosahauliwa.
Delphine, fundi wetu, aliniwekea mezani juu ya gazeti,
akaenda kunawa mikono, hakusema kitu.
Matairi hayatoboi pistoni.

Nikachomeka waya.
Programu ya kiwanda ilikuwamo, safi, neno kwa neno,
kama kitanda kilichotandikwa
na mtu aliyejua wageni wanakuja.
Lakini injini ina daftari lake dogo.
Haliandiki nani, haliandiki kwa nini.
Linaandika mara ngapi.
Kiwandani huandikwa moja.
Hili lilisema nne.

Sasa nifike ninapopakwepa.

Kaskazini, ukipita kiwanda cha mbao,
kuna gereji isiyo na kibao.
Mwenyewe hukuongezea nguvu za farasi hamsini
kwa kompyuta ya mapajani na kikombe cha kahawa,
na kwa dola mia zaidi hufuta nyayo zake.
Anaitwa Tormod. Tumetoka tumbo moja.
Krismasi aliniambia ana mteja wa gati la madini
anayetaka gari lake lipumue.
Nilicheka. Nilimwongezea viazi.

"Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa," anasema Arvo,
wala hajui amekiri nini.
Namtazama vidole: vumbi jekundu la madini
limelala chini ya kucha, haling'oki kwa sabuni.
Alitaka cha mvunguni, akainama.
Nani alimwambia mvunguni kuna nini?
Mimi nilimuuzia dhamana yenye kurasa arobaini na mbili
na nikamwonyesha pa kutia sahihi tu.

Naandika: *Injini. Programu ilibadilishwa. Imekataliwa.*
Kalamu inakwama, naitikisa, naandika tena.
Chini yake: *Kiti cha dereva hakipati joto. Kinalipiwa.*
"Kiti?" anauliza.
"Kiti hakijamkosea mtu."
Ananitazama kwa muda.
"Yaani nitakaa kwenye kiti chenye joto
ndani ya gari lisilotembea."
"Ndiyo."
Anacheka, kicheko kifupi, cha kikohozi,
kisha hatimaye anaketi,
anavua kofia, theluji inakuwa maji kwenye sakafu yangu.

Fomu ina mstari mmoja uliobaki:
*Aliyefanya mabadiliko, kama anajulikana.*
Saa kumi na moja, giza limeshaingia,
Delphine amezima taa za karakana, ananisubiri mlangoni.
Mstari bado ni mtupu.
Ni wa tatu majira haya ya baridi.
Nami nina daftari langu;
haliandiki nani,
linahesabu tu.