Maji ya Manjano

Usiifungue ikiwa ya moto.
Hilo nalijua tangu darasa la tatu,
siku Baba alipofungua mfuniko pale taa za Buguruni,
mvuke ukamrukia mkononi, naye akacheka
kicheko cha mtu asiyetaka mtoto alie.

Basi nimengoja. Jumapili, saa mbili asubuhi,
Segerea bado inafagia nyua,
na Karina ya marehemu imelala kivulini mwa ukuta,
injini baridi kama sufuria ya jana.
Mimi nina plaizi. Pazi, mtoto wa mpangaji,
ana beseni, na maswali.
"Dada, kumbe gari nalo linakojoa?"
Linakojoa, Pazi. Sogeza beseni.

Koki ya chini ikagoma. Nikaibembeleza,
nikaitukana kwa kunong'ona, Mama yuko ndani,
mara ikaachia:
tone, halafu uzi, halafu mbio,
maji mekundu kama udongo wa Pugu,
kutu ya miaka kumi na moja ya kisima cha jirani,
maji yale ya chumvi ambayo sabuni huyanunia.

Nikachomeka mpira wa bomba. Leo DAWASA wameukumbuka mtaa,
tuyatumie kabla hawajajuta.
Yakaingia juu, yakatokea chini:
chai ya rangi,
chai iliyopunjwa majani,
kisha (Pazi ndiye aliyeona)
manjano.

Si rangi tu. Manjano yenyewe, ya sokoni,
imeganda madonge madonge
kama masalia ya chungu cha samaki.
Nikanusa kidole. Ndiyo.
Jiko letu, ndani ya rejeta.

Mama akatoka na kanga kifuani, akalitazama beseni.
Hakuuliza kitu.
"Ndiyo maana kopo lilikuwa linapungua," akasema,
akarudi ndani.

Tangu lini, Baba?
Rejeta inavuja, unaikorogea kiungo cha mchuzi izibe tundu,
kisha unatuambia gari zima, haya, twendeni Kibaha,
na sisi nyuma, tumepaka mafuta, tumevaa vya sikukuu,
tunagombea dirisha.
Kama ule mguu. Plasta juu ya plasta, soksi nyeusi,
"kiatu tu kinabana."

Nikafungua kinyumba cha themostati: kitupu.
Fundi aliitoa zamani. Mzee, nchi ya joto hii, ya nini?
Nikaweka mpya, ndogo kama kisoda chenye springi.
Nikageuza mpira, nikayasukuma maji kinyume,
mara tatu, mara nne,
ya tano Pazi akaihesabu sita, nikamkubalia,
kwa kuwa maua yaliyochorwa chini ya beseni
yalikuwa yameanza kuonekana.

Kulanti ya kijani, maji ya betri, nusu kwa nusu.
Fukuza kuku, Pazi, hii tamu lakini inaua.
Nikawasha. Mfuniko wazi, heta mpaka mwisho,
heta! Dar es Salaam, mwezi wa pili!
nimekaa kwenye usukani nalowa kama niliyenyeshewa,
naangalia mshale wa joto
unapanda, unapanda,
unafika katikati, unatulia.
Mapovu yakaisha. Feni ikajizungusha yenyewe.
Nilitaka kumwita mtu. Sikujua nani.

Nikazima. Kimya. Halafu chini,
tap.
Tone la kijani, upande wa kulia, chini ya pezi la tatu.
Tap.
Nimeliosha zibo lake. Tundu limebaki wazi.

Mama yuko mlangoni, kopo la manjano mkononi,
kijiko kimesimama ndani.
Hajasema kitu, nami sijasema.
Hapana, Mama. Kesho Gerezani, kwa mchomeleaji.
Leo liache livuje, tulione.

Pazi amechuchumaa na beseni lake.
Anahesabu kwa sauti:
kumi na moja, kumi na mbili,
kumi na nne.