Ukumbini Sote Viziwi

Mzinga uliniachia macho.
Masikio ulikwenda nayo, huko Flandria, mwaka wa kumi na saba,
na tangu hapo Berlini nzima hunisemesha kisamaki:
midomo, midomo, mapovu.

Mchana najalidi vitabu Moabit, gundi hadi viwikoni.
Jioni nalipa marki zangu niingie gizani,
maana humo ndani sina upungufu.
Taa ikizimwa sote viziwi:
Hakimu Rademann na mkewe, muuza makaa, mimi.
Mpiga piano anahangaika na meno yake meusi na meupe.
Wanasema huliza watu. Mimi naona mabega tu.

Ila nina kitu ambacho hakimu hana.
Nasoma midomo.
Si kusoma kamili; M na B na P
ni ndugu wa tumbo moja, huvaa uso mmoja.
Lakini yatosha.
Malkia anapomlilia mume aliyetekwa na Kuzimu,
kadi inatuandikia: *Nitakufuata hadi chini ya mizizi ya dunia*,
na yeye, machozi yakimchuruzika, anasema:
Viatu hivi vitaniua, nani kaniletea namba ndogo?
Zimwi la theluji, kabla ya kummeza farasi,
linaulizia bia.
Nacheka peke yangu. Watu wananigeukia.
Wacha wageuke.

Kisha unakuja mto.
Ni vioo vilivyopakwa mafuta, nilisoma gazetini,
na wafu wanauvuka wawiliwawili, nyuso zimejaa unga,
unga halisi, wakati sisi tulikula mkate wa viazi vilivyooza.
Hapo hakuna kadi. Wafu hawaandikiwi.
Wengi hawasemi kitu; mmoja anapiga miayo.
Wa mwisho ni mama wa makamo,
koti la kiume limempwaya, vifungo vya jeshi.
Anageuka kidogo, kama aliyesahau ufunguo,
na midomo yake inafunguka, inafumba, inafunguka:
Emmo.

Sekunde mbili. Nimezilipia mara saba.
Mara ya saba, tiketi ikiwa bei ya juzi ya jozi ya buti,
nikamwona. Safu ya tatu.
Hana unga usoni, koti ni lile lile.
Mto ulipokwisha akasimama,
kama mtu aliyekwisha kupokea barua yake,
nami nikamwahi mlangoni, nikasema: Emmo.

Sijui kwa sauti gani. Sijui sauti yangu imekuwaje siku hizi.
Najua ukumbi mzima uligeuka, hata mpiga piano,
mikono hewani,
malkia akaachwa ukutani
akimwokoa mumewe bila shahidi.

Mama akanitazama mdomo. Kisha masikio. Akaelewa.
Akasema neno. Nikasoma: Emmo.
Nikaitikia kwa kichwa.
Akakataa. Akarudia polepole, kama kwa mtoto,
nami sikuona tofauti hata chembe.
Si ndilo nililolisema?

Akakamata kiganja changu chenye gundi kavu,
akakivuta chini ya taa ya gesi,
akaandika kwa kucha: B.
Pembeni yake, akikandamiza zaidi, B nyingine.

Nikavuta pumzi,
nikalisema upya.