Vitegemezi

Diski imejaa. Asilimia tisini na tisa,
na feni ya kompyuta inatweta
kama mtu aliyepandisha mtungi wa gesi orofa ya nne.
Tokeni ya stima: uniti sita.
Hapa Makadara msimu wa harusi haungoji,
kadi mia tatu zataka kuchapwa kabla ya alasiri.

Nakaa mbele ya skrini nyeusi
kuifuta programu ya hesabu aliyoitia Twahiri
mwaka alionioa,
isiyoeleweka na yeyote ila yeye.

Ondoa. Jina lake. Nabonyeza.

Mashine yasoma daftari lake polepole,
kisha yanijibu kwa adabu ya karani wa kadhi:
Vifuatavyo vilikuja pamoja naye
na havihitajiki tena.
Mistari ishirini na saba.
Fonti za Kiarabu. Kiendesha printa.
Na kijitu chenye jina la herufi na namba,
sijui kazi yake,
kimekaa humu miaka tisa hakijaniomba maji.

Kwa karani mwenyewe, mwezi wa Rajabu,
sikusomewa orodha.
Twahiri alitamka mara moja, tukatia sahihi.
Nani angenambia pale wanaofuatia ni nani:
mawifi wawili, mchezo wa Jumamosi,
shemeji wa kubeba karatasi,
na mamake, Bi Mwanatumu,
aliyenifunza kupima hiliki kwa ncha ya kidole?

Kufuta kuna namna mbili.
Ondoa huacha mipangilio, mlango umerudishwa bila komeo:
talaka rejea.
Safisha ni tatu kwa mpigo,
hata jina la folda halibaki.
Mimi nilipewa moja. Eda ikaisha.
Mipangilio ikakaa tu, ikila nafasi.

Endelea? N au H.

H.

Iko amri nyingine, fupi, Twahiri hakuwahi kuigusa:
wakitia kifurushi alama
kwamba hakikuletwa na mtu,
umekitaka mwenyewe.
Nazitia alama fonti. Naitia printa.
Na kile kijitu pia, basi tu.

Safisha. N.

Mistari yapanda juu, yapotea.
Feni yashusha pumzi.

Ijumaa navuka feri hadi Mtongwe,
sindano za sukari ndani ya thamosi ya barafu.
Bi Mwanatumu afungua nusu mlango.
"Twahiri hayupo. Umekuja kwa nani?"

"Kwako."