Kokoto Kumi na Mbili

Ripoti ilifika Kotido kwa pikipiki,
imefungwa ndani ya mfuko wa mkate isilowe,
ingawa hapakuwa na cha kuilowesha.
"Mvua ya Juni," ilisema, "wastani milimita tatu kwa siku.
Mtama utatosheka."

Mimi ndiye nisomaye kipimo nyuma ya shule,
kopo la bati juu ya nguzo iliyopinda.
Nambari zile zilikuwa zangu, sikuzikana.
Nachap alinitazama kama mtu aliyelipia mbuzi
akakabidhiwa kamba.

"Huyu Wastani," akauliza, "analima wapi?"

Nikachimba vishimo vitano mchangani kwa kidole.
Hizi ni siku tano za Kabale, nikamwambia, kule milimani:
tatu, tatu, mbili, nne, tatu.
Nikachimba vingine vitano. Hizi ni zetu:
kavu, kavu, kumi na tano, kavu, kavu.
Akahesabu, midomo ikimcheza.
Kumi na tano huku, kumi na tano kule.
Gawa kwa tano: tatu, na tatu.
Karatasi haikusema uongo.

"Basi sawazisha," akasema.
"Kila kishimo kipate tatu zake. Nauangalia mkono wako."

Kabale ilihama kokoto moja,
moja tu, kutoka penye nne hadi penye mbili,
kama jirani anayerudisha chumvi.
Kwetu zilihama kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa sauti, na kwenye ya tisa
mwanangu Lomongin akaacha kucheka.

Ndipo nikaelewa nilichokariri Moroto
kwa chaki, vipeo vya pili na herufi za Kigiriki:
wastani husema kokoto ni ngapi,
mtawanyiko husema mkono umetembea mara ngapi.

"Na huko shambani," Nachap akauliza,
"mkono wa kusawazisha ni wa nani?"

Nilinyamaza.
Ile siku moja ilizoa mbegu zake hadi barabarani.
Zile nne zikakausha zilizosalia.

Niligeuza ripoti, nyuma palikuwa peupe.
Nikaandika: tatu, ndiyo.
Lakini kokoto kumi na mbili.
Mwenye pikipiki akasoma, akakuna kichwa,
akasema hiyo haina safu kwenye fomu yao.
Kisha akaomba mfuko wake wa mkate.